Shangazi Yangu Anafanya Kazi Laden

Ribe, 29 Agosti 2017

Shangazi Dorte mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama na baiskeli yako mpya ikiwa bado haijaibwa. Mimi sijambo, na shule ya bweni nimeanza kuizoea. Kila asubuhi tunaimba kabla ya uji, na jikoni tunaingia kwa zamu. Jana ilikuwa zamu yetu. Nilikata vitunguu vya shule nzima mpaka mwalimu akaniuliza kama nimepata habari mbaya kutoka nyumbani.

Simu zetu zinakaa kabatini. Tunapewa saa moja baada ya chakula cha jioni, na kompyuta tunaruhusiwa Jumanne na Alhamisi tu. Ndiyo sababu nakuandikia kwa mkono. Sababu nyingine ni Bibi. Anasema mtu akiuliza jambo la maana kwa simu, anajibiwa na mtu anayeosha vyombo.

Bibi mwenyewe anaendelea vizuri na goti lake. Anafika duka la mikate na kurudi, ila fimbo hataki kuiona. Anasema fimbo ni ya wazee.

Sasa niseme kilichonifanya niandike. Unaikumbuka programu ya pete, ile ambayo Babu Ejnar aliianzisha pamoja na Wubbo wa Groningen, Uholanzi. Mtu akisoma namba kwenye pete ya mguuni mwa shakwe, hata kama namba imelika nusu, programu inamwambia ni ndege gani, alivalishwa pete wapi na nani. Tangu Babu afariki mimi ndiye ninayewajibu Wadenmark wanaoleta masahihisho. Tuko watu tisa katika nchi nne na hakuna anayelipwa. Kila kitu chetu kiko Laden, kwenye mashine zenu, kama zilivyo programu za maelfu ya watu wengine: programu yenyewe, kila badiliko lililowahi kufanywa, na mabishano yetu yote ya kwa nini tulibadilisha.

Wiki iliyopita Wubbo alituandikia kwamba amesikia Laden inauzwa kwa kampuni kubwa ya ng'ambo, ile iliyokuwa ikiwacheka watu wanaogawa programu bure. Anataka tuhame mara moja. Wengine wakasema ni uvumi. Walibishana siku nzima, na mmoja alitishia kujitoa. Basi mimi nikaandika: "Shangazi yangu anafanya kazi Laden. Nitamuuliza." Wote wakatulia.

Krismasi iliyopita Baba alikutania mezani kwamba mtauzwa kama bata wa sikukuu. Wewe ukamjibu, "Laden haiuzwi. Watu wametuamini na kazi zao." Nilikuwa nimekaa karibu yako, nikafurahi.

Je, bado ni kweli? Nimewaahidi jibu.

Mimi mwanao,
Alberte


Copenhagen, 16 Septemba 2017

Mwanangu Alberte,

Marahaba. Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako ilifika mapema, nikaiweka juu ya friji, na kila nilipofungua friji nilikuona wewe.

Baiskeli ipo, lakini wameiba kiti chake. Kwenye bustani yangu ya Amager plamu zimejaa hadi matawi yanainama, na jirani yangu ananitupia za kwake juu ya uzio kana kwamba mimi sina. Nimekuwa nikipika jamu kila jioni. Mikono yangu ina rangi ya zambarau, na kazini wananiuliza kama nimemuua mtu.

Mwambie Bibi fimbo ni ya watu wenye akili. Usimwambie ni mimi niliyesema.

Swali lako nimelisoma vizuri. Siku hizi kazini kuna mambo mengi na ninarudi nimechoka, kwa hiyo nitakuandikia kuhusu jambo jingine. Nilipohama fleti yangu ya kwanza, kule mtaa wa Nørrebro, nilibeba kitanda, sufuria, vitabu, kila kilichokuwa vyumbani. Nilijisifu kwamba nimemaliza kwa siku moja. Wiki mbili baadaye nikakumbuka stoo ya chini ya jengo, ile yenye mlango wa nyavu, ambayo kila fleti inapewa yake. Picha zangu zote za utotoni zilikuwa huko. Ufunguo nilikuwa nimeshamrudishia mwenye nyumba. Mtu akihama, mwanangu, huwa anafikiria vyumba tu.

Nafurahi kwamba ndege wa Babu wana mtu wa kuwatunza. Vaa soksi nzito, Ribe kuna unyevu.

Shangazi yako,
Dorte


Ribe, 10 Oktoba 2017

Shangazi Dorte,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Bibi ni mzima pia, ila anaficha fimbo nyuma ya mlango na kusema ni ya mgeni.

Barua yako ilipofika niliwaandikia wenzangu hivi: "Shangazi yangu anapika jamu. Mtu ambaye nyumba yake inauzwa hapiki jamu." Walicheka. Wubbo mwenyewe aliandika, "Basi tunakaa, kwa heshima ya plamu."

Alhamisi iliyopita ilitangazwa kwamba Laden imeuzwa. Nilijua usiku, katika saa yangu moja ya simu. Kulikuwa na picha ya wakubwa wenu wakipeana mikono, na nyuma yao ukutani ile ramani ya watumiaji ambayo ulinionyesha nilipokutembelea.

Wubbo hakusubiri mtu. Jioni ileile aliipeleka programu kwenye mashine ya chama kimoja cha ushirika huko kwao, halafu akafuta mahali petu pote Laden, hakuacha hata jina. Alituandikia mstari mmoja: "Tumehama. Msiniletee tena jamu."

Leo nilifungua programu ili nifanye sahihisho. Kuna mwanachama anayetaka tuondoe mstari mmoja wa Babu, kwa sababu unaifanya programu ikatae kujibu pale ambapo namba inaweza kuwa 3 au 8. Pembeni mwa mstari huo Babu ameandika: "Usiguse hapa. Sababu iko kwenye mazungumzo namba 212." Nikaenda kutafuta mazungumzo namba 212. Hayapo. Hakuna mazungumzo yoyote. Kila mmoja wetu ana programu nzima kwenye kompyuta yake, na kwa hiyo kila mmoja alidhani ana kila kitu. Kumbe mazungumzo hayakuwahi kuwa kwetu. Yalikuwa Laden tu. Yote aliyoyaandika Babu kwa miaka kumi na moja yalikuwa humo.

Ulijua?

Alberte


Esbjerg, kwa Bibi, 12 Novemba 2017

Shangazi Dorte mpendwa,

Shikamoo. Nimekuja nyumbani kwa mwisho wa wiki. Mvua inanyesha, na Bibi anakaanga samaki. Sijapata jibu lako. Nilidhani posta imechelewa kama kawaida yake, lakini hata posta yetu haichelewi hivi.

Likizo ya vuli hukuja. Bibi alikuwekea sahani siku yake ya kuzaliwa. Tulipokata keki aliiondoa mwenyewe, akaipeleka jikoni na kuanza kuongea juu ya bei ya siagi.

Kundi letu lilikutana kwa kompyuta Alhamisi iliyopita. Niliomba mwalimu aniruhusu kutumia darasa. Nilianza kwa kuwaomba radhi. Nilisema, "Niliwaambia jambo ambalo shangazi yangu hakulisema. Nilisoma nilichotaka kusoma." Wubbo akajibu, "Mtoto, usijali. Kila mtu ana shangazi mahali fulani. Wangu alisema Bahari ya Kaskazini haitavuka ukuta." Wengine wakacheka. Mimi nilicheka pia, kwa sababu kamera ilikuwa imewashwa.

Baadaye tulizungumza vizuri. Mama mmoja wa Skagen alisema hivi: "Tatizo siyo nani amenunua. Tatizo ni kwamba Laden ilikuwa ya mtu, na cha mtu huuzwa. Hata huko tulikohamia, mwenye ufunguo ni Wubbo peke yake. Na tumeona Wubbo akikasirika anafanya nini." Wubbo alikohoa. Basi tumeamua kufanya kile ambacho watu wa hapa hufanya wakifika watatu na birika la kahawa: tutaanzisha chama. Kitakuwa na katiba, mwenyekiti, mweka hazina na mkutano mkuu kila mwaka. Ufunguo utakuwa kwa watu watatu wa nchi tatu, na hakuna atakayeweza kuuza wala kufuta peke yake. Mimi nimepewa kazi ya kuandika katiba kwa sababu nina mwandiko mzuri. Nimewakumbusha kwamba itachapwa. Wakasema haidhuru.

Ule mstari wa Babu bado hatujaugusa. Anayetaka uondolewe ameitisha kura ya mwezi Januari, na hakuna anayeweza kuutetea, kwa sababu hakuna anayejua kwa nini upo.

Jana nilisoma tena barua yako. Ile habari ya stoo. Nimeielewa sasa.

Sikuulizi tena kama ulijua. Nakuuliza kama u mzima.

Mwanao,
Alberte


Copenhagen, 26 Novemba 2017

Alberte mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima. Nilianza barua hii mara kadhaa, na kila mara niliandika kuhusu bustani. Leo bustani naiacha.

Nilijua tangu mwezi wa Mei. Krismasi sikujua, nilichosema mezani nilikiamini, na wakubwa wangu walionituma niwaambie watumiaji maneno yaleyale nadhani waliyaamini pia wakati huo. Mei walituita mmoja mmoja. Tulitia saini kwamba hatutamwambia yeyote, hata wa nyumbani, mpaka siku ya kutangaza. Mtu mmoja akisema, watu wote mia mbili wa ofisi yetu wanaingia matatani.

Ulipouliza, sikuweza kusema ndiyo. Kusema hapana kungekuwa uongo. Nikakuandikia kuhusu jamu na stoo, na hata hiyo stoo pengine ilikuwa kupita mpaka. Saini siionei aibu. Naionea aibu jamu. Kulikuwa na maneno mawili ambayo ningeweza kuandika: siwezi kusema. Sikuyaandika kwa sababu nilijua wewe ungeelewa mara moja. Nilitaka uendelee kunitazama kama pale mezani, hata kwa wiki chache zaidi. Kwa Bibi sikuja kwa sababu hiyohiyo. Mwambie, au nitamwambia mwenyewe.

Sasa sikiliza. Kitu kikifutwa Laden hakipotei siku hiyohiyo. Kinawekwa pembeni kwa muda, ili aliyefuta kwa hasira apate nafasi ya kutulia. Walioondoka wakati wa mauzo wamepewa hadi mwisho wa mwaka. Baada ya hapo hakuna anayeweza kukirudisha, hata mimi.

Mazungumzo yenu yapo. Ningeweza kuyafungua sasa hivi, hapa nilipo, na kukutumia kila neno la baba yangu. Sijayafungua. Tulipokuwa bado watu saba kwenye vyumba viwili juu ya duka la rangi, kanuni ya kwanza tuliyoandika ilikuwa hii: mfanyakazi hagusi kitu cha mtu bila mwenyewe kuomba. Nikiivunja kwa ajili ya Baba, basi Wubbo alikuwa na haki ya kutukimbia.

Mahali palifunguliwa kwa jina la Wubbo, na ni Wubbo aliyefuta. Aombe yeye, kwa jina lake. Barua pepe ya mistari miwili inatosha. Haitapita mezani kwangu; nimeomba nisiwekwe kwenye jambo hili.

Najua ninachokutaka ukafanye. Najua pia kwamba jina langu halitakusaidia.

Shangazi yako,
Dorte


Ribe, 12 Desemba 2017

Shangazi Dorte mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilifika Jumatatu ya wiki iliyopita. Nilimsomea Bibi kwa simu ile sehemu inayomhusu. Akasema, "Mwambie sahani haina kinyongo." Halafu akaniuliza kama nimekula.

Shuleni tunawasha mshumaa wa Desemba, ule wenye namba, na kila siku tunauacha uteketeze namba moja. Mwenzangu wa chumbani aliusahau ukateketeza siku tatu kwa mpigo. Sasa sisi tuko mbele ya dunia nzima.

Nilimpigia Wubbo jioni ileile. Nitakuandikia kama tulivyosema, ili usinisikie mimi peke yangu.

"Wubbo, ni Alberte."

"Aaa, binti wa shangazi! Leo kuna nini, jamu au achari?"

"Mazungumzo yetu bado yapo Laden. Yatafutwa kabisa mwisho wa mwaka. Wewe ndiye unayepaswa kuyaomba."

"Mimi? Nikawapigie magoti wale? Afadhali nile viatu vyangu."

"Vya mbao?"

Alicheka kidogo, halafu akakumbuka kwamba amekasirika. "Nani amekuambia haya?"

"Shangazi."

"Shangazi tena!"

"Safari hii sikuambii umwamini," nilisema. "Nakuambia alichoandika, uamue mwenyewe. Alijua tangu Mei na alikuwa ametia saini asiseme. Na sasa angeweza kuyafungua mazungumzo yetu na kunitumia. Hakuyafungua, kwa sababu anasema ni mali yako."

"Hakuyafungua?"

"Hakuyafungua."

"Na mle mna maneno ya baba yake?"

"Wewe unajua yamo mangapi."

Nikasikia birika lake likianza kulia jikoni na yeye haendi kulizima. Mwisho akasema, "Mkaidi kama Ejnar." Nikamwambia pia kwamba haendi kuomba msaada, anakwenda kuchukua chake, na kwamba kama wangekuwa wabaya kama anavyosema, wangefurahi sana akibaki nyumbani na viatu vyake. Akasema, "Siku hizi shuleni mnafundishwa nini?" Nikasema kukata vitunguu.

Aliandika. Siku ya pili alijibiwa na mtu asiyemjua, kwa mistari miwili, bila sifa wala matangazo. Kila kitu kimerudi. Tumenakili mazungumzo yote, na sasa kila mmoja wetu anayo nyumbani kwake. Safari hii Wubbo hakufuta mahali pa zamani. Ameacha bango linalosema tulipo sasa, kwa ajili ya mtu atakayekuja kututafuta.

Nilifungua namba 212. Nakunakilia maneno ya Babu, kwa sababu nadhani hujayaona:

"Leo nimekuwa ufukweni na binti yangu Dorte, amekuja kutoka Copenhagen na darubini nzuri kuliko yangu. Pete imelika. Yeye anasoma 3, mimi nasoma 8. Tumebishana mpaka kahawa ikapoa na ndege akaondoka zake. Wubbo, programu yako ilichagua 8 kunifurahisha. Naomba isichague. Mahali kama hapa iseme tu: sijui. Mtu akiambiwa sijui, atarudi kesho kutazama tena. Akipewa jibu la kubuni, atakwenda nalo nyumbani."

Nimewatumia wote. Yule aliyetaka mstari uondolewe ameandika, "Basi ukae." Hakutakuwa na kura.

Mkutano mkuu wa kwanza utakuwa mwezi Februari, sebuleni kwa Bibi. Wubbo atakuja kwa treni. Amenipigia jana, akaniuliza kwa sauti kama ya mtu anayeuliza habari za hali ya hewa: "Na shangazi, je? Atakubali kuwa mwanachama?" Nilitaka kumwambia, bila shaka atakubali. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nikasema, "Sijui. Nitamuuliza."

Kwa hiyo nakuuliza. Utakuja kwenye mkutano mkuu? Swali la pili ni la Wubbo, lakini ni langu pia: utabaki Laden chini ya hao wapya? La tatu ni la Bibi: utakuja Krismasi?

Nijibu kwa kifupi tu. Jamu niandikie ukurasa mwingine.

Mwanao,
Alberte


Copenhagen, 18 Desemba 2017

Alberte mwanangu,

Marahaba, na salamu kwa Bibi na Baba. Natuma barua hii Esbjerg kwa kuwa shule yenu itakuwa imefungwa.

Maneno ya Babu sikuwa nimewahi kuyaona. Ilikuwa 3. Nitasema hivyo mpaka mwisho.

Mkutano mkuu: ndiyo, nitakuja kama mwanachama wa kawaida. Msinipe ufunguo, hata Wubbo akilainika.

Kubaki Laden: siwezi kusema.

Krismasi: ndiyo. Nafika tarehe 23 kwa treni ya mchana. Mwambie Bibi aweke sahani.

Shangazi yako,
Dorte